Kithai Halisi kwa Watu Wawili

Jumapili, 2 Machi

Mke wangu anataka kuhama nchi! Haya, hajasema hivyo. Alichosema, jikoni, huku anaosha vikombe, ni kwamba wale wa Thailand wanamtaka tena. Safari hii si mafunzo ya miezi mitatu. Ni kazi. Miaka miwili, kwenye hospitali ileile aliyojifunzia kunyoosha watu viungo. Jibu wanalitaka Jumatatu ijayo.

Nikakaa chini kwa mshtuko. Kiti kilikuwa upande wa pili wa meza. Kiuno kinaniuma hadi sasa.

Miaka miwili! Ile miezi mitatu tu nilifikia hatua ya kuongea na friji. Nilikuwa nakula nimesimama. Sidanganyi ndani ya shajara yangu mwenyewe: naogopa. Nyumba hii bila yeye ni stoo yenye kitanda.

Akasema kuna jambo jingine pia, na angependa tukae tulizungumze vizuri. Aa, hapana! Mambo ya kukaa na kuzungumza vizuri nayajua yanakoishia. Nikamkatiza palepale. Nikamwambia Jumamosi namtoa, tunakwenda mjini, tunakula chakula cha maana, tunazungumza yote. Akasema angependa kusema leo. Nikamwambia avute subira, atafurahi mwenyewe. Akarudi kwenye vikombe vyake.

Nimewaza jioni nzima. Kinachomvuta huko ni nini? Jibu liko wazi. Tumbo! Tangu arudi, kila akionja kitu anaweka kijiko chini na kusema kule supu ilikuwa na mchaichai, ilikuwa na ndimu, ilikuwa na pilipili. Hajawahi kusema kule kulikuwa na mume. Kwa hiyo nikimpatia supu ile hapahapa mjini, sababu ya safari imekufa. Ila lazima iwe halisi. Si ya kubahatisha.

Nina akili mimi. Watu hawajui tu.

Jumatatu, 3 Machi

Mpango umeanza. Uzuri wa kufundisha udereva ni kwamba unazungushwa mji mzima kwa mafuta ya mwajiri. Mimi nakaa kiti cha pili, breki yangu ndogo miguuni, macho dirishani. Anayehangaika ni mwanafunzi.

Mwanafunzi wa wiki hii ni Bi Mkunga. Mstaafu. Kazalisha nusu ya mji huu, sasa kaamua kujifunza gari. Mtihani wake Ijumaa. Haendeshi, analisindikiza gari. Baiskeli zinatupita. Nikimpigia kelele anasema kwa upole kwamba kazi yake yote amesikia watu wakipiga kelele, na walikuwa na sababu nzuri kuliko yangu.

Nikamwambia wiki hii ni ya kupaki. Akiona mgahawa tu, indiketa, kioo, paki. Akauliza kwa nini migahawa. Nikamwambia ndipo penye msongamano, ndipo watahini wanapopenda. Akasema sawa, mwalimu. Mama wa heshima sana yule.

Tumepaki siku nzima. Mahali pa kwanza penye dalili palikuwa na joka la dhahabu mlangoni. Nikauliza kama ni Kithai. Mhudumu akasema ni Kithai, ni Kichina, ni Kihindi, ni Kiitaliano, nichague mwenyewe. Nikachagua Kithai. Likaja bakuli la tambi za pakiti zinaelea kwenye sosi ya nyanya, juu yake kijimwavuli cha karatasi. Nikauliza kijimwavuli ni cha nini. Akasema hapo ndipo ulipo Uthai wenyewe.

Jioni mke wangu akaanza: leo kazini, mganga mkuu... Nikamwekea kidole mdomoni. Jumamosi, mpenzi. Akakitazama kidole changu kwa muda. Nikakiondoa mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Mgahawa wa leo ulikuwa mwingine kabisa! Maua mezani, sanamu ya tembo, muziki wa vikengele. Mwenye mgahawa akaapa mpishi wake katokea Thailand. Nikasema nataka kumwona. Akasita. Nikasimama imara.

Mpishi akatoka. Lo! Mwanafunzi wangu wa zamani! Yule aliyegonga ukuta wa chuo mara tatu, ukuta uleule. Akanikumbatia. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Thailand anaifahamu kwa simu tu, anaangalia video, anasimamisha, anakatakata, anaendelea. Kutokea Thailand maana yake ni kwamba mapishi yametokea huko. Akauliza kama anaweza kurudia mtihani wa leseni. Nikaondoka na mifuko miwili ya vitafunio na sina supu.

Ofisini nikafanya kosa. Nilimweleza Klachi. Huyu ni mwalimu mwenzangu, tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kuondoa mguu kwenye klachi tangu aajiriwe. Akacheka hadi akakohoa. Halafu akajifanya ndugu yangu. Akasema anapajua mahali pa Kithai halisi, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Yeye mwenyewe alihudumiwa pale na mikono ya Kithai, akatoka mtu mpya. Nimemshukuru. Inawezekana nimekuwa nikimwonea bure.

Jumatano, 5 Machi

Sikuwa nikimwonea.

Nilipanda ngazi kwa matumaini. Mlango wa mbao, taa hafifu, sauti ya maji yanachuruzika. Mwanamke wa makamo mwenye nguo nyeupe akaniinamia, mikono kaiunganisha kifuani. Nikajua nimefika. Akauliza nataka ya kawaida au halisi. Nikasema halisi kabisa, kama kwao, nisipunguziwe chochote.

Akasema nivue viatu. Nikaona ni usafi. Akasema nivue shati. Nikaona hawa watu wanaheshimu kweli chakula chao. Akasema nilale kifudifudi kwenye mkeka. Hapo nikaanza kuingiwa na wasiwasi, lakini nilishasema halisi, na mimi si mtu wa kurudi nyuma.

Akanipanda mgongoni. Kwa magoti! Akanikunja mguu, akaupeleka mahali ambapo mguu wangu haujawahi kwenda. Kisha akanishika kichwa. Kitu kikalia shingoni. Nimetoka pale nikitazama kushoto, na kushoto ndiko nilikobaki. Bi Mkunga alinisubiri chini, kapaki vizuri ajabu. Akasema watoto wengine huzaliwa hivyo na hunyooka wenyewe.

Nyumbani mke wangu akanusa. Akauliza harufu hii ya mafuta ya maua ni ya nini. Nikasema polishi ya dashibodi. Akanishika shingo, akapapasa, akasema aliyefanya hivi kasomea. Akanikalisha kwenye kigoda akaanza kunikanda, akasema basi kwa kuwa leo nimetulia, anataka nijue kwamba mchana alikwenda ofisini kwa mganga mkuu na...

Nikapiga yowe. Maumivu yalikuwepo, sikatai. Lakini pia sikutaka kusikia. Amekwenda kuaga! Nikasema Jumamosi, tafadhali, Jumamosi. Akaendelea kukanda. Ila aliminya zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimebadili mbinu. Kama hakuna anayejua kupika Kithai, nitapika mimi. Nikaenda na Bi Mkunga hadi duka moja la vyakula vya nje. Nikanunua mchaichai, na chupa kubwa ya sosi ya samaki, maana mke wangu aliwahi kusema bila hiyo hakuna kitu. Nikaiweka juu ya dashibodi, nikamwambia Bi Mkunga aondoe gari.

Hatujafika popote, mwanamke akavuka na kitoroli cha mizigo. Bi Mkunga akakanyaga breki. Mimi nikakanyaga yangu. Breki mbili kwa pamoja! Chupa ikaruka, ikapasukia kwenye kitambaa cha kiti. Mungu wangu, harufu ile! Macho yalinitoka. Bi Mkunga akasema amekutana na makubwa kuliko hayo, lakini aliteremsha kioo.

Yule mwanamke wa kitoroli akasimama. Akanusa. Akatabasamu! Mtu mwingine yeyote angekimbia. Nikatazama kitoroli chake: chupa zilezile, kumi na ushei, na maboksi yenye maandishi ya mikunjo. Damu ikanichemka. Huyu ni wao! Nikampigia Bi Mkunga kelele amfuate.

Kumfuata mtu anayetembea kwa miguu, kwa gari, si kazi ndogo. Lakini nilikuwa na dereva sahihi. Tulimfuata taratibu kabisa, kibao cha L juu ya paa, mimi nimetoa kichwa dirishani, upande wa kushoto, ambako kinaelekea kwa urahisi zaidi. Akaongeza mwendo. Tukaongeza. Bi Mkunga akaingiza gia ya pili bila kuambiwa. Mwanamke akasimama ghafla, akachomoa chupa moja, akaishika shingo, akageuka.

Nikashuka na mikono juu. Nikamweleza yote, hadi machozi yakakaribia: mke, supu, miaka miwili. Akanisikiliza. Kumbe kakaa hapa miaka mingi, anaongea kama sisi. Akasema anapika nyuma ya duka la matairi, mahali padogo, wateja wake ni watu wa kwao tu. Hakuna kibao. Hakuna joka. Hakuna kijimwavuli! Nikaomba meza ya watu wawili Jumamosi. Akakubali, kwa sharti nisimfuate tena.

Nimempata! Niliibusu dashibodi. Sitarudia, bado ina sosi.

Ijumaa, 7 Machi

Mtihani wa Bi Mkunga. Mimi nilikaa nyuma, mtahini mbele. Mtahini mwenyewe ni wa wale wanaotabasamu siku ya mshahara tu.

Akasema nenda moja kwa moja. Bi Mkunga akaenda. Ukatokea mgahawa. Indiketa, kioo, akapaki katikati ya malori mawili, safi kabisa. Mtahini akashangaa, akamsifu, akasema tuendelee. Mgahawa mwingine. Indiketa, kioo. Akasema tena tuendelee. Barabara ile ni ya migahawa mitupu. Hatukuimaliza. Mwishowe mtahini akauliza kama mama ana njaa. Bi Mkunga akajibu hana, ila mwalimu kafundisha kwamba akiona mgahawa apaki, na yeye hafanyi kinyume cha mwalimu.

Mtahini akageuka nyuma kunitazama. Nikajaribu kutazama pembeni, shingo ikakataa. Akauliza pia ni nini kilichofia humu ndani.

Amefeli. Maskini Bi Mkunga! Wala hakunilaumu. Akasema watoto wanaokuja kwa shida ndio huwa na mapafu mazuri. Ningependa kama angenitukana.

Kisha nikaitwa na Mama Leseni, mwenye chuo. Mama huyu hapandishi sauti, anaiteremsha. Akasema gari linanuka, mwanafunzi anasimama mbele ya kila mlango kana kwamba anagawa mikate, na kilomita za wiki hii zingefika mpakani. Nifike ofisini kwake Jumatatu asubuhi na maelezo. Klachi alikuwa amesimama mlangoni anafuta miwani isiyo na uchafu.

Sijali. Kesho ni Jumamosi. Chuo kikinifukuza nitapata kingine. Yeye sitampata mwingine.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika haraka, kalamu inateleza, vidole vimeloa.

Mke wangu alivaa gauni la bluu. Nilipomwingiza kwenye uchochoro kati ya milima ya matairi, akauliza kama nimemleta kumuuza. Nikafungua mlango. Harufu ikatupokea. Akasimama. Akaweka mkono kifuani, akasema ee jamani, ni yenyewe. Nilitaka kuruka! Wiki nzima ya mateso ikalipwa pale mlangoni.

Mama mpishi akatoka. Na mke wangu akamsemesha Kithai! Si salamu tu. Maneno, marefu, yanapanda na kushuka. Sikuwa najua anajua kiasi hicho. Wakaongea, wakacheka. Wakanitazama mimi, wakacheka tena. Nikawa naitikia kwa kichwa kama mtu anayefuatilia. Mpishi akanipapasa bega, kwa huruma fulani, akaingia jikoni.

Nilikuwa na hotuba. Nimeitunga tangu Jumatatu, naijua kwa moyo. Inaanza na faida za hali ya hewa ya hapa na kumalizia na mimi. Mpango ulikuwa: kijiko cha kwanza, halafu hotuba.

Supu yake ikaja nyeupe ya tui. Yangu nyekundu. Nikaona nimeheshimiwa kama mwanamume. Nikachota kijiko kikubwa.

Jamani.

Ulimi uliondoka kwanza. Kisha masikio yakaziba. Nikafungua mdomo nianze hotuba, ikatoka pumzi tupu. Nikanywa maji, moto ukasambaa. Mke wangu akaniambia kwa utulivu kwamba maji yanauchochea, nile wali. Nikala wali. Hotuba yote imeyeyuka, hata neno la kwanza silikumbuki. Akavuta kiti karibu, akasema: kwa kuwa umenyamaza, sasa nisikilize.

Akaongea. Akasema kule Bangkok kulikuwa na mgonjwa mmoja, bibi kizee, ambaye kila jioni alimuuliza umekula nini leo, halafu anasubiri jibu. Anasubiri hasa. Siku moja mke wangu akaingia chooni akalia, maana alikumbuka ni muda mrefu hakuna mtu amemuuliza kitu na kusubiri jibu. Amerudi nyumbani na hilo moyoni, na kila akitaka kunieleza, mimi nina mpango.

Nilitaka kujitetea. Mdomo haukuwepo.

Akaendelea. Mganga mkuu anafungua kitengo kipya cha watoto wanaojifunza kutembea upya, na amemtaka yeye akiongoze. Hapahapa, hospitali yake ileile. Jumatano amekubali. Siku hiyohiyo amewaandikia Wathai kwamba haendi. Haendi! Alitaka tuamue pamoja tangu Jumapili, pale kwenye vikombe. Akachoka kungoja, akaamua peke yake. Hapo sauti yake ilishuka kidogo. Akasema si hivyo alivyotaka iwe.

Machozi yalikuwa yanamwagika tangu kijiko cha kwanza. Pilipili. Lakini aliposema haendi, kitu kifuani kikaachia, na kuanzia hapo sijui pilipili iliishia wapi. Nimelia mimi! Nimelia mpaka meza ya jirani wakaniletea leso. Mke wangu akanifuta uso kwa mtandio wake, akasema hajawahi kuniona nikilia, hata siku tulipomzika baba yangu. Nikatikisa kichwa tu. Tukakaa hivyo mpaka wakaanza kupanga viti.

Jumapili, 9 Machi

Midomo imevimba. Nimeshindia maziwa baridi. Mke wangu anaimba bafuni!

Nimekaa kupima mambo kwa akili tulivu. Nini kilichonipa ushindi jana? (Najua, alishaamua Jumatano. Lakini angeweza kughairi.) Hotuba haikusemwa. Supu yake hakuimaliza hata nusu. Kilichobaki ni kimoja. Machozi! Alipoyaona tu akavuta kiti, akanifuta, akalainika. Miaka yote hii najisumbua kwa maneno, kumbe silaha ilikuwa machoni.

Sasa: kesho nina kesi kwa Mama Leseni. Naye ana moyo, lazima upo mahali fulani. Bahati nzuri jana wakati tunaondoka nilimwomba mama mpishi pilipili zake chache, kwa ishara. Zipo mfukoni, kwenye karatasi.

Jumatatu, 10 Machi

Anaandika mtu mwenye jicho moja. La pili limegoma.

Nilizisaga pilipili kwa vidole nje ya mlango wa ofisi. Nikaingia, nimeinamisha kichwa. Mama Leseni akaanza kwa sauti ile ya chini. Nikaona ndio wakati wenyewe. Nikajifuta macho, yote mawili, kwa vidole vyote.

Nilichopiga si yowe. Yowe ni dogo. Nilirukaruka, nikaangusha ubao wa alama za barabarani, nikakumbatia kabati. Mama Leseni akaogopa. Akasema mwalimu, jamani, hakuna aliyekufukuza, nilitaka tu uoshe gari na umrudishie Bi Mkunga masomo yake bure! Kwa hiyo nilikuwa nimeshasamehewa kabla sijaingia. Nilisikia sauti ya Klachi mahali fulani sakafuni, alikuwa hawezi kusimama kwa kucheka.

Aliyeniokoa ni Bi Mkunga. Alikuwa amekuja kupanga tarehe nyingine. Akachukua ufunguo, akanishika mkono, akaniambia nivute pumzi, nitoe, nivute, nitoe. Akanipakia. Mwalimu kipofu, mwanafunzi aliyefeli, kibao cha L juu. Nilikuwa nakanyaga breki yangu kwa kukisia, hadi akaniambia kwa heshima zote niondoe mguu. Na aliendesha! Gia ya tatu, nimeisikia kwa masikio yangu. Njiani akauliza kama leo pia tupaki kwenye migahawa. Nikamwomba msamaha palepale, kwa dhati.

Hospitalini wakamwita mke wangu. Akatoka kwa watoto wa kitengo chake, akanilaza, akanimwagia maji machoni, taratibu. Akavinusa vidole vyangu. Akaendelea kumwaga maji. Alipomaliza akauliza, kwa upole ulionitisha, kama na Jumamosi ilikuwa pilipili.

Nilikuwa na uongo mzuri kabisa tayari. Sikuweza. Nikasema ilianza pilipili. Iliyobaki ilikuwa yangu mwenyewe. Nilidhani anaondoka, nyumba inarudi kuwa stoo, nikasema na hilo.

Akanikagua jicho moja, kisha la pili. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika beseni. Akasema anajua, kwani nani aliyeiagiza? Yeye! Kile Kithai kirefu mlangoni kilikuwa ni kumwambia mpishi kwamba mume wake ana mdomo usio na breki, amtilie kadiri anavyoweza bila kumuua, apate nafasi ya kusema jambo lake hadi mwisho. Na mpishi akasema amewahi kukutana naye.

Akanishika mkono. Akasema machozi alishukuru kuyaona, lakini si yaliyomfurahisha. Ni kule kusikilizwa. Jioni moja, mwanzo mpaka mwisho, hakukatizwa. Hataki supu wala mjini. Anataka saa moja jioni, kila siku, mimi nimenyamaza namsikiliza. Basi. Je, nitaweza?

Nikamwambia nitaweza. Nimeelewa, nimeelewa kabisa. Sijawahi kuelewa jambo namna hii. Akanibusu paji la uso, akarudi kwa watoto.

Jumanne, 11 Machi

Macho yanarudi. Nimelifikiria agizo la mke wangu siku nzima, kwa uzito wake.

Saa moja ya kunyamaza. Mimi! Kila siku! Kitu kama hicho hakifanyiki kwa mikono mitupu. Kinahitaji mpango.

Basi wakati wa somo nikapita duka la matairi, nikazungumza na mama mpishi. Alisita, akauliza kama mke wangu anajua, akanitazama macho yangu mekundu. Lakini tumeelewana. Kila jioni natoka kwake na kikopo cha supu ile nyekundu. Mke wangu akiingia tu mlangoni, navuta vijiko vitatu. Mdomo unajifunga wenyewe, hauna ujanja, na yeye anaongea mpaka achoke. Kwa ajili ya tumbo nimenunua maziwa. Klachi kasema nimechanganyikiwa. Wivu huo!

Leo alinitangulia kufika. Nilimkuta amekaa, kavua viatu, uso unang'aa. Akasema afadhali nimekuja, leo kitengoni kuna mtoto mmoja amesimama, amemshika kidole, akapiga hatua yake ya kwanza tangu ajali, na alipofika ukutani aka...

Nikamwambia subiri, subiri kidogo, shikilia hapohapo, kwanza nisikilize mimi, nimepata njia ya kukusikiliza. Nikaweka kikopo mezani. Nikamweleza mpango wote tangu mwanzo, na vijiko, na maziwa, na itakavyokuwa siku za sikukuu.

Nimeongea saa nzima. Hakunikatiza hata mara moja. Nadhani ameupenda.